Mgonjwa Anayesubiri Dawa Hawezi Kukwambia Hapana

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mombasa, nakaa Kisauni, na kazi yangu kubwa ni usiku wa kupamba. Shirika moja la afya limenitaka niandamane kwa wiki moja na kliniki yao inayozunguka vijijini, Kinango kisha Ganze. Wanasema wanataka "picha za kugusa moyo". Sijawahi kupiga picha wagonjwa. Nibebe nini? Ruhusa naiombaje? Na nikikuta mtu yuko taabani, niendelee kupiga au niweke kamera chini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu, lakini lililo zito umelitaja ukipita tu: hayo maneno ya shirika, "kugusa moyo". Kabla hujachaji betri, wapigie simu uwaulize ni moyo wa nani wanaotaka uguswe, na ukishaguswa ufanye nini. Picha za ripoti ya mfadhili ni kazi moja. Za bango la kuchangisha pesa ng'ambo ni kazi nyingine kabisa. Za kuwahimiza kina mama wa Bamba, kule Ganze, wasikose tarehe ya chanjo ni ya tatu, na kwangu hiyo ndiyo salama zaidi, kwa sababu watakaoziona ni majirani wa waliopigwa, na ni vigumu kumdhalilisha mtu mbele ya jirani zake. Waombe orodha ya picha kwa maandishi. Ikija imeandikwa "mtoto amedhoofika, mama analia", ujue kuna mtu ameshaipiga picha hiyo kichwani mwake akiwa ofisini, na wewe unatumwa ukamtafutie wa kuiigiza. Bishana nao sasa, kwa adabu, ukiwa bado uko Mombasa. Ukishapanda gari lao na kula chakula chao utaona haya.

Na usijidharau kwamba wewe ni mtu wa harusi. Kuna jambo unalijua ambalo wapiga picha wengi wanaokuja huku na mabegi ya lenzi hawajafundishwa. Usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu: simu zinaachwa mlangoni, buibui zinavuliwa, na ukumbi mzima mwenye kamera ni wewe. Wanakuachia kwa sababu wanajua picha zile hazitatoka. Bibi harusi akisema hii ifute, unaifuta mbele ya macho yake. Shangazi akigeuza uso, unampita. Amana hiyo hiyo ndiyo utakayoibeba Kinango, ila kuna tofauti moja, na jibu langu lote limo humo. Bibi harusi amekulipa. Asipokutaka atamwita mwingine. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni hana mwingine wa kumwita. Amekuona ukishuka gari moja na nesi, na makasha ya dawa yako nyuma yenu. Ukimwuliza kama unaweza kumpiga picha atasema ndiyo. Angesema ndiyo hata ungemwomba mbuzi.

Kwa hiyo ndiyo yake usiifurahie haraka. Kazi yako ya kwanza kule, kabla ya picha yoyote, ni kumtengenezea njia ya kukukatalia bila kuogopa kwamba atakosa dawa.

Mimi hufanya hivi. Fulana ya shirika siivai. Watakupa, na ni nguo nzuri ya kulalia. Kitambulisho kinatosha shingoni. Nafika mapema, mhudumu wa afya wa jamii ananipeleka kwa mzee wa kijiji na chifu, tunasalimiana bila kukimbizana, kamera iko begini. Foleni ikishajipanga, namwomba nesi msimamizi aseme kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba huyu ni mpiga picha, anayetaka atapigwa, asiyetaka hapigwi, na dawa ni za wote. Nesi akishasema hivyo, sitaki tena aniombee ruhusa mtu mmoja mmoja. Yeye ndiye anayegawa dawa, na anayegawa dawa hakataliwi. Anayeuliza ni mhudumu wa jamii, mtu wanayemjua nyumbani kwake, na anauliza kwa lugha yao. Kinango utakuta Waduruma, Ganze Wagiriama. Kiswahili wengi wanakielewa, lakini kuelewa bei ya unga ni kitu kimoja na kuelewa kwamba uso wako utakaa kwenye intaneti miaka na miaka ni kitu kingine.

Na mahali pa kuulizia si kwenye foleni. Kaa upande wa kutokea, baada ya meza ya dawa, pale mtu anapokuwa na pakiti yake mkononi na hana tena cha kupoteza. Utapata watu wachache kuliko ukipiga foleni yote. Hao wachache watakuwa wamekubali kweli. Ukitaka picha ya matibabu yenyewe, muulize mtu akishamaliza kama angependa urudi naye siku ya marudio, au muulize aliyekuja kwa jambo jepesi, kama chanjo au kupimwa ujauzito, mbali na meza na kabla hajaanza kuhudumiwa.

Maelezo nayo yawe ya kuonekana. Beba bango moja au mawili ya zamani ya shirika, au ripoti iliyochapishwa, umwonyeshe: uso wako utakaa hapa, wataona watu wa Nairobi, wataona watu wa Ulaya, na huenda hata jirani akauona kwenye simu. Kisha mwambie akueleze yeye picha itakwenda wapi. Akikujibu kwamba unampelekea daktari aone ugonjwa, hajakuelewa, rudia au mwache. Asiyejua kusoma rekodi sauti yake. Kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza kinailinda ofisi, hakimlindi yeye. Halafu kuna zile hapana ambazo hazitamkwi. Leso inavutwa hadi puani. Anacheka akiangalia chini. Anasema mpaka amuulize baba watoto. Zote hizo ni hapana, na usimtume mtu akambembeleze.

Sheria pia iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la habari nyeti, inataka mzazi au mlezi aridhie kwa niaba ya mtoto, na inampa aliyeridhia haki ya kubadili mawazo baadaye. Wapo wanaodhani hiyo ni karatasi tu. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ilikuwa shule tu, hakuna aliyekuwa mgonjwa. Wewe utakuwa kwenye zahanati.

Ukiwa zahanati, swali la kwanza asubuhi ni hili: leo ni kliniki gani? Zahanati nyingi zina siku zake, ya wajawazito, ya chanjo, ya CCC, yaani ya wenye virusi vya UKIMWI wanaochukua dawa za ARV. Picha ya benchi la watu siku ya CCC, hata kama hakuna aliyelia wala kuvuliwa nguo, imeshatangaza hali ya kila aliyekaa pale kwa yeyote anayeijua siku hiyo, na kijijini kila mtu anaijua. Benchi lile lile kesho yake halina siri yoyote. Kisha tazama mezani. Rejista imefunguliwa, majina na namba za simu yanasomeka, na kamera za siku hizi ukikuza picha utasoma hata mwandiko wa nesi. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto ni hivyo hivyo: nje kina jina, ndani kina majibu ya vipimo. Mwombe nesi afunike au ugeuze upande. Kwenye simu zima huduma ya mahali, la sivyo picha inabeba ramani ya kufika hadi mlangoni kwa mtu.

Kwa kuwa ni pwani yetu, huenda ukakutana na matende. Ugonjwa huu unaenezwa na mbu, na kaunti zote sita za Pwani zinaujua. Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianzia Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2018 Jomvu, hapa hapa Mombasa, pamoja na Lamu, walipewa mchanganyiko wa dawa tatu badala ya mbili. Dawa zinakata maambukizi, lakini mguu uliokwisha vimba haurudi kuwa kama zamani, unatunzwa. Na wanaume wenye mabusha, ambayo dawa yake ni upasuaji, wanajificha miaka mingi kwa aibu. Hapo ndipo kamera inaweza kuponya au kuumiza.

Kuna mzee mmoja upande wa Kinango nilipelekwa kumpiga akifundishwa kutunza mguu wake. Beseni la maji, kipande cha sabuni ya mche, kitambaa safi. Anaosha polepole kuanzia goti kushuka, halafu kazi yenyewe: kukausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, kwa ncha ya kitambaa, kwa sababu unyevu ukibaki pale ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia, na homa inamlaza. Akimaliza anauweka mguu juu ya kigoda kirefu. Nilipotoa kamera alininyoshea mkono nisubiri. Akamtuma mjukuu akamletee shati na kofia. Mjukuu alikawia, jua likapanda, ule mwangaza laini wa asubuhi ukaniponyoka. Akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaniambia nianze na uso. Mguu wake watu wa pale wanaujua.

Ofisi iliyoniajiri ilipopokea picha ilitaka kukata uso ubaki mguu. Eti mguu peke yake una nguvu zaidi. Niliweza kukataa kwa sababu mkataba ulisema picha isikatwe kwa namna inayombadilisha mtu bila idhini yangu na yake. Walinuna kidogo, wakaitumia nzima. Wapo wagonjwa watakaotaka kinyume chake, mikono tu au kisogo tu, hasa kina mama wa nasuri (fistula), wanaotokwa na mkojo bila kujizuia baada ya uzazi mgumu, na hao nao wasikilizwe hivyo hivyo. Mwenye mwili ndiye anayejua kipi kionekane.

Sasa swali lako la tatu, la kuweka kamera chini.

Kwenye kliniki yenye manesi jibu ni jepesi kuliko unavyofikiri. Wewe si nesi. Ukiona mtoto anatetemeka mwili mzima, amelegea haamki, au mama anavuja damu, mwite nesi wakati huo huo, hata kama foleni ni ndefu na mtu huyo yuko mwisho. Ukishamwita, sogea. Usisimame pale wanapohitaji kupita na dripu. Kama hakuna mtu mwingine, mko njiani na gari ni lenu, basi hakuna cha kujadili, kamera inaingia begini na mtu anaingia garini.

Pengine umeiona picha ya mtoto wa Sudan aliyedhoofika kwa njaa, ameinama chini, na tumbusi nyuma yake. Ilipigwa Ayod, ambako sasa ni Sudan Kusini, mwezi Machi 1993, na Kevin Carter wa Afrika Kusini. New York Times ilipoichapisha wasomaji waliandika kwa wingi kuuliza mtoto yule alifikia wapi, hata gazeti likalazimika kutoa maelezo kwamba alipata nguvu ya kuendelea na safari, ila haijulikani kama alifika kwenye kituo cha chakula. Carter alipata tuzo ya Pulitzer 1994, na Julai mwaka huo huo akajiua. Watu huisimulia hadithi hiyo kama ya mpiga picha asiye na huruma, na mimi sikubaliani nao. Itazame picha yenyewe kwa utulivu: mkononi mwa mtoto kuna bendi ya plastiki, ile wanayofungwa waliokwisha andikishwa kituo cha lishe. Kulikuwa na kituo karibu, kulikuwa na watu waliompima na kumwandika. Fremu iliwaacha nje wote, akabaki mtoto na ndege. Dunia ikaamini kwamba hakuna aliyekuwa akifanya kitu.

Hilo ndilo ninalotaka ulichunge kuliko jingine lolote ukiwa nyuma ya kamera. Ugonjwa bila tiba ndani ya fremu ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo uliyoajiriwa kuionyesha.

Lakini usiende upande wa pili, ukadhani picha ngumu ni haramu. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi, alipeleka kamera yake Korem, Ethiopia, wakati wa njaa kuu ya mwaka 1984. BBC ilipoonyesha picha zile tarehe 23 Oktoba, dunia iliyokuwa imelala iliamka, misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata kukawa na Live Aid, tamasha lile kubwa la muziki la kuwachangia wenye njaa. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya kazi yake. Ni kweli pia kwamba baada ya hapo Afrika nzima ikawa na sura moja machoni pa watu, mtoto mwenye njaa asiye na jina, mpaka mashirika ya misaada ya Ulaya yenyewe yakaona aibu na mwaka 1989 yakajiwekea kanuni za picha wanazotumia. Mimi nayashika yote mawili. Mtoto akiwa amedhoofika na mama amekubali, piga. Ila mpige akiwa na jina katika daftari lako, akiwa mikononi mwa mtu, na ujue kabla hujaondoka amepewa nini na anarudi lini.

Chukua mfano wa utepe wa kupimia mkono, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo. Nesi anauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, anauvuta ukae bila kukaza, na kwenye kidirisha rangi inajitokeza: kijani kuanzia sentimita 12.5, manjano chini ya hapo, nyekundu chini ya 11.5. Sogea karibu. Fremu iwe na kidirisha chekundu, kidole gumba cha nesi kimekishikilia, na kwa nyuma mkono wa mama umemshika mtoto tumboni. Hakuna uso, hakuna nzi, na mtu yeyote anayejua utepe ule akiiona atashtuka. Kisha ngoja picha ya pili: mtoto huyo huyo na pakiti ya chakula tiba, anainyonya kwenye kona iliyokatwa, mdomo umejaa rangi ya njugu. Ukiuza ya kwanza uza na ya pili. Na kuhusu nzi, wakati wa kiangazi wako kila mahali, hata kwenye uso wako. Mpe mama nafasi amfute mtoto macho kabla hujabonyeza. Wewe ungetaka hivyo kwa mwanao.

Kuna picha nyingine wanazozisahau watu kwa sababu hazina mgonjwa. Kasha la chanjo limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, linavuka mto mkavu. Ndani mna vipande vya barafu, na chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Vichupa vingi vina alama, duara lenye mraba mweupe ndani. Joto likikipata kichupa mraba unakolea, ukifikia rangi ya duara chanjo hiyo inatupwa. Nesi akikiinua kichupa machoni kukagua mraba ule, hapo pana picha, na pana safari nzima ya barafu kutoka stoo ya kaunti. Piga pia viatu vya waliotembea. Piga mizani iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwarobaini, kaptula tupu za kupimia zikipepea. Hao wahudumu wa jamii nao, zaidi ya laki moja nchini waliopewa mabegi ya vifaa Septemba 2023, mara nyingi hukutana na kamera siku ya hotuba tu. Mfuate mmoja akiingia nyumba kwa nyumba na mashine yake ya presha.

Vifaa havinisumbui sana. Kamera mbili ndogo kuliko moja kubwa, lenzi ya milimita 35 na ya 50, lile zoomu refu la harusi liache Kisauni. Ukimpiga mtu kutoka mbali hajui kama amepigwa, na asiyejua hajaridhia. Flashi isiwashwe machoni pa watoto. Chini ya mti kamera itadanganywa na jua la nyuma na nyuso zitatoka nyeusi ti. Pima mwangaza shavuni, acha uwanja wa nyuma uungue uwe mweupe. Umeme usiutegemee, beba betri za akiba na chaja ya gari, kadi mbili, na kila usiku nakala moja ikae mbali na begi. Gari likiwa na kiyoyozi weka kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kinajaa ukungu wa maji mwanzo wa kazi. Vumbi la Kinango linafutika. Adui mkubwa ni hewa yetu ya chumvi huku Mombasa, inayootesha kuvu ndani ya lenzi zikiachwa kabatini, kwa hiyo ukirudi zikaushe vizuri kabla hujazihifadhi, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu usivitupe. Wakikupeleka kambi ya kipindupindu, begi linabaki nje, unaingia na kamera moja, viatu na mikono vinapita kwenye maji ya klorini, na huweki kitu chochote sakafuni.

Ukirudi kuhariri, usiwapake weupe kama wateja wetu wanavyodai. Wala usizigeuze nyeusi na nyeupe ili zihuzunishe. Leso ya mama ina rangi zake alizozichagua dukani. Na hiyo leso isome. Sisi tunajua jina la leso linavyosema, na nimeona bango la afya likisambazwa mjini, mama ameshika mtoto mgonjwa, kifuani kuna kijembe cha mke mwenza kinasomeka herufi kwa herufi. Waliotengeneza hawakujua. Mombasa nzima ilicheka, na yule mama hakuwa na habari. Maelezo chini ya picha yaandike wewe, siku ile ile, na umsomee nesi ahakikishe ugonjwa na tiba. Jina la kweli litumike kama mtu ametaka, la sivyo libadilishwe na iandikwe kwamba limebadilishwa.

Usitoe pesa wala peremende kwa ajili ya picha. Chapisha chache kwa ukubwa wa kawaida, za familia, zile za kucheka, umpe mhudumu wa jamii awapelekee. Wengi watakuwa na picha moja tu ya mtoto wao maishani na itakuwa hiyo. Nawe pia uwe na mtu wa kuzungumza naye jioni. Kuna utakayoyaona yatakayokufuata mpaka ukumbini, na hayaondoki kwa kunyamaziwa.

Mwisho ni mkataba, na hapa wapiga picha wetu wengi wanaliwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake usipoandika kitu, picha za Kinango ni za shirika, na wanaweza kuzikata, kuziuza au kuzigawa, na ile ahadi uliyompa mama karibu na meza ya dawa haina pa kushikia. Basi iandikwe kwamba hakimiliki inabaki kwako na wao wana ruhusa ya kuzitumia kwa miaka kadhaa, kwa kazi zilizotajwa. Iandikwe kwamba hazipewi mtu wa tatu. Iandikwe kwamba mgonjwa akitaka kujiondoa kuna namba ya simu ya kupiga, na picha inashushwa kwa muda uliotajwa. Malipo yahesabu siku za kuchagua picha, kuandika maelezo na kuzilinganisha na fomu za ridhaa, maana wiki moja ya kupiga ina karibu wiki nyingine nyuma yake. Wakikutumia mkataba, niletee niusome kabla hujatia sahihi. Kwenye malipo tunaweza kuwapunguzia kidogo. Kwenye kipengele cha mgonjwa kujiondoa, wakikataa, usiende.